Kesi ya dereva mlevi imeishia wapi? Namna ya kuipata faili kortini Uganda

Swali: Mdogo wangu alikuwa mwendesha bodaboda. Mwaka jana aligongwa na gari dogo karibu na Idudi, kwenye barabara ya Iganga kwenda Bugiri, akafariki. Watu waliokuwapo walisema dereva alikuwa amelewa chakari, na askari wa trafiki walimpima. Tangu hapo tunaambiwa tu kwamba kesi imeisha, ila hakuna anayetueleza imeishaje. Juzi tumesikia dereva huyo anaendesha tena. Nimetafuta kwenye intaneti, kila ninachopata ni tovuti za Marekani. Mimi nimeolewa Busia upande wa Kenya na nina kitambulisho cha Kenya. Mjane na watoto wako Uganda. Je, kumbukumbu za korti za kesi kama hii ni siri? Kama si siri, tuzipate wapi?

Jibu: Dada, poleni sana kwa msiba. Kufiwa ni mzigo, na kufiwa kisha mtu akazungushwa bila kuambiwa ukweli ni mzigo juu ya mzigo. Mnachokitafuta ni haki yenu, na kinapatikana.

Kumbukumbu hizo si siri. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 28, inataka kesi isikilizwe hadharani, na kifungu cha 41 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali na vyombo vyake. Kinachowachosha watu ni kudhani kwamba jambo lisilo siri lazima liwe kwenye simu. Faili ya kesi ya ulevi barabarani kwa kawaida ni jalada la karatasi lililo kwenye masijala ya korti ya hakimu, na anayelifikia haraka ni yule aliyefika na namba mkononi.

Tovuti ulizokutana nazo ni za kaunti za Marekani. Huko makarani wengi wa mahakama wameweka rejista zao mtandaoni. Unaandika jina la mtu, kesi zake zinajitokeza. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Tuna ULII, maktaba ya sheria ya bure mtandaoni, na ni hazina kubwa, ila sehemu kubwa ya hukumu zilizomo ni za Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama Kuu. Kesi ya dereva aliyelewa huanzia kwa hakimu, na nyingi huishia huko huko. Utaikuta ULII iwapo mtu alikata rufaa Mahakama Kuu na jaji akaandika hukumu. Jaribu kutafuta kwa jina la dereva, haina gharama, lakini usipoona kitu usihitimishe kwamba kesi haikuwapo. Upo pia mfumo wa kielektroniki wa Mahakama unaoitwa ECCMIS, uliozinduliwa tarehe 1 Machi 2022. Mawakili wanautumia kufungua na kufuatilia kesi, na ulianzia kwenye mahakama za juu na baadhi ya korti kubwa za mahakimu. Usitegemee ukufungulie faili ya trafiki ya wilayani. Kitu kimoja cha mtandaoni kinachoweza kuwafaa, iwapo kesi bado inaendelea, ni orodha ya kesi za kusikilizwa ambayo Mahakama huitoa kwenye tovuti yake na kuibandika pia kwenye ubao wa kila korti.

Sasa hilo neno lao la kwamba kesi imeisha. Hapa ndipo naomba usome kwa makini, kwa sababu watu hulitumia kwa mambo yasiyofanana hata kidogo. Huenda dereva alikiri kosa, akatiwa hatiani, akatozwa faini akalipa. Huenda alipewa kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 2000, inayohusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili. Huenda alikana, mashahidi wakasikilizwa, hakimu akamwachia. Huenda mwendesha mashtaka aliiondoa kesi kortini, na ikiwa aliiondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, sheria haizuii kumshtaki upya. Huenda ilifutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukutokea siku zilizopangwa. Na huenda, hili linauma zaidi, haikufika kortini kabisa: watu walikaa kituoni au nyumbani kwa mtu, fedha za mazishi zikatolewa, karatasi ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kila mmoja akaenda zake. Karatasi ya namna hiyo si hukumu ya korti. Waulize wazee wa familia, kwa upole lakini waziwazi, kama kuna aliyesaini chochote. Ni afadhali mjue hilo kabla ya kwenda polisi kuliko kuonyeshwa saini ya baba yenu mkiwa kaunta.

Pia kuna uwezekano kwamba haijaisha. Mtu akionekana mtaani watu husema ameachiwa, kumbe yuko nje kwa dhamana na kesi yake inaahirishwa kila mwezi. Bondi ya polisi na dhamana ya korti ni vitu vya kawaida hata kwenye kesi iliyoua mtu. Kumwona nje hakukuambii lolote kuhusu hatia yake.

Kwa hiyo anzieni polisi, si kortini. Ajali yoyote iliyoripotiwa huandikwa kwenye rejista ya ajali za barabarani na kupewa namba, ambayo askari wa trafiki huitaja kwa herufi TAR ikifuatiwa na tarakimu na mwaka. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu. Huenda mnayo tayari bila kujua: angalieni karatasi zote mlizopewa wakati wa kuuchukua mwili hospitali, na kama kuna mtu aliyewahi kuandikisha maelezo, kumbukeni aliyaandikisha kituo gani. Mkiikosa, nendeni kwa mkuu wa trafiki wa kituo kilichoshughulikia ajali mkiwa na tarehe, mahali, jina la marehemu na namba ya pikipiki yake. Majina ya madereva hukosewa herufi, tena sana. Namba ya gari au ya pikipiki haikosewi kirahisi.

Mkiwa mbele ya askari, msiulize kesi imefikia wapi, maana jibu litakuwa lile lile mlilokwisha kulisikia. Ulizeni mambo yanayojibika: namba ya TAR, jina la askari aliyepeleleza, faili ilipelekwa kwa mwendesha mashtaka wa wapi, dereva alifikishwa korti gani, namba ya kesi ya korti ni ipi. Andikeni majibu pale pale. Iwapo mtaambiwa dereva alipewa tikiti ya EPS akailipa, hiyo ni faini ya papo hapo ya makosa ya trafiki. Anayelipa tikiti hafikishwi kortini kwa kosa hilo, na hakutakuwa na faili ya korti ya kutafuta. Tikiti haitoshi pale mtu alipokufa, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi ni kosa gani lililotikitiwa na kosa la kusababisha kifo limefanywa nini.

Kuhusu Idudi kuna mtego mdogo. Watu wengi bado wanasema Iganga, lakini Idudi iko wilaya ya Bugweri, iliyomegwa kutoka Iganga mwaka 2018. Kesi husikilizwa kwenye korti yenye mamlaka juu ya mahali kosa lilipotendeka, na mipaka ya korti haifuati mipaka ya wilaya mpya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo msikisie. Mwacheni mpelelezi awaambie kama ni Iganga au kwingine, ndipo mpande gari.

Kortini nendeni moja kwa moja masijala, kwa karani. Fikeni asubuhi lakini si ile saa ambayo makarani wanabeba mafaili kuyapeleka kwa mahakimu; wakishaanza kusikiliza, masijala hupumua kidogo na mtu anaweza kukusikiliza. Mpeni namba ya kesi. Kama mlipata namba ya TAR peke yake, bado inafaa, kwa sababu namba ya polisi huandikwa kwenye hati ya mashtaka, na karani anaweza kuifuata kwenye rejista ya kesi za trafiki au za jinai kwa mwezi ambao dereva alifikishwa. Ombeni kwanza kuonyeshwa mstari wa rejista. Mstari huo mmoja una jina la mshtakiwa, kosa, tarehe na matokeo, na mara nyingi ndio unaomaliza ubishi wa mwaka mzima kwa dakika chache.

Jalada likitolewa, jiandaeni kwa jambo linalowashtua wengi: huenda neno la ulevi lisionekane kwenye shitaka. Kuendesha ukiwa umelewa na kuendesha ukiwa na pombe kwenye damu kupita kiwango ni makosa yanayojitegemea katika Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, lakini mtu akifa, waendesha mashtaka hupenda kushika kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na pombe wanaiacha iwe sehemu ya maelezo, au wanaiweka shitaka la pili, au hawaigusi. Ndiyo maana anayetafuta kesi za ulevi kwa jina la kosa hukosa nyingi. Tafuteni kwa jina la mtu, tarehe na namba ya gari.

Ndani ya jalada kuna vitu viwili vya kusoma polepole. Cha kwanza ni hati ya mashtaka, ukurasa mmoja au miwili uliopigwa chapa, wenye kosa juu na maelezo yake chini: nani, siku gani, barabara ipi, gari namba gani, alifanya nini. Cha pili ni mwenendo wa kesi, ambao katika korti nyingi za chini hakimu huuandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza, na vifupisho kibao. Kila siku ya kesi ina tarehe yake, nani alikuwapo, nani hakuwapo, na kesi imeahirishwa hadi lini na kwa nini. Someni sababu za kuahirishwa. Ikiwa imeandikwa mara kwa mara kwamba mashahidi hawapo wakati ninyi hamkuwahi kuitwa, hilo ni jambo zito la kumpelekea mwendesha mashtaka mkuu wa eneo hilo.

Kama dereva alikiri, kuna utaratibu ambao mahakimu wa Afrika Mashariki wamefungwa nao tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973. Mashtaka husomwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake ya kukiri huandikwa kama alivyoyasema. Mwendesha mashtaka hueleza tukio lilivyokuwa. Mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni kweli. Ndipo hutiwa hatiani. Yale maelezo ya tukio ndiyo mnayoyataka. Humo ndimo kunakotajwa, ikiwa kulitajwa, kwamba alipimwa kwa kile kipimo cha pumzi ambacho Uganda nzima inakiita kawunyemu, au kwamba damu ilichukuliwa hospitali, na namba iliyosomwa. Kiwango cha sheria kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu. Kama maelezo yako kimya kuhusu pombe ilhali askari walimpima mbele za watu, mna swali halali la kuuliza, na mna pa kuanzia.

Mkishasoma mtataka nakala, na hapa sheria inatofautisha watu. Kifungu cha 28 cha Katiba kinampa mshtakiwa, au mtu aliyemruhusu, haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi baada ya hukumu kwa kulipa ada. Ninyi si mshtakiwa, kwa hiyo mnapitia njia ya Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005. Sheria hiyo haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijaisha. Ikishaisha, mlango uko wazi. Lakini ni mlango wa raia wa Uganda. Wewe dada, kwa kitambulisho chako cha Kenya, ombi lako linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Barua na isainiwe na shemeji yako, mjane. Yeye ni raia, tena ndiye mwenye maslahi ya kwanza katika jambo hili, na hakuna karani atakayemuuliza anataka nakala za nini.

Barua iandikwe kwa Kiingereza, lugha ya kumbukumbu za korti, iende kwa Hakimu Mkuu wa korti hiyo. Itaje namba ya kesi, jina la mshtakiwa, kosa, tarehe ya uamuzi, uhusiano wake na marehemu, na vitu anavyovitaka kwa majina: nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, za mwenendo wa kesi, na za hukumu pamoja na adhabu. Nasisitiza zithibitishwe, yaani zigongwe muhuri na kusainiwa na korti, kwa sababu fotokopi tupu haitawafaa mbele ya wakili wala kampuni ya bima. Ada hailipwi mkononi. Mtapewa namba ya malipo ya URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, mtalipa benki, mtarudi na risiti. Akitokea mtu kwenye korido anayetaka fedha ya kulifungua faili, msimpe. Ombeni kumwona Hakimu Mkuu.

Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza hadi siku hizo zipite, ukimya huo unahesabiwa kuwa wamekataa, na mnaweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu, kisha rufaa Mahakama Kuu. Najua inashangaza kulalamika kwa afisi ile ile mliyoiandikia. Ndiyo maana nawashauri nakala ya barua ya kwanza iende kwa Msajili Mkuu wa Mahakama, Kampala. Barua yenye nakala kwa Msajili Mkuu huwa haikai chini ya rundo.

Na wakisema faili imepotea? Hutokea, na si mwisho wa safari. Polisi wana jalada lao la upelelezi, na afisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, huwa na lake. Ombeni karani aandike kwa maandishi kwamba faili haionekani, kisha ipelekeni barua hiyo kwa Msajili Mkuu. Mara nyingi faili inayosemekana imepotea huonekana pale mtu anapotakiwa kuweka saini kwamba imepotea.

Umesema dereva anaendesha tena. Korti inaweza kumsimamishia au kumfutia mtu leseni anapotiwa hatiani kwa makosa haya, na amri hiyo, kama ilitolewa, iko kwenye ukurasa wa adhabu pamoja na muda wake. Ikiwa amri ipo na muda haujaisha, mtu huyo anatenda kosa jipya kila anapowasha gari. Pelekeni nakala kwa mkuu wa trafiki wa wilaya. Ikiwa hakimu hakutoa amri, basi anaendesha kihalali, hata kama moyo unakataa. Familia haina haki ya kukata rufaa yenyewe, lakini DPP anaweza kukata, na notisi ya rufaa ina siku 14 tu tangu uamuzi. Siku hizo zikiwa zimepita, bado Mahakama Kuu ina uwezo wa kuita faili ya hakimu na kukagua kama uamuzi ulikuwa wa kisheria. Hilo huombwa kwa barua, na wakili akiiandika inakuwa na uzito zaidi. Madai ya fidia ni jambo la pembeni yake, nayo yana muda wa mwisho. Bima ya lazima ya gari chini ya sheria ya mwaka 1989 hulipa kidogo sana kwa mtu mmoja, kwa hiyo mjane asisaini kupokea chochote cha bima kabla hajazungumza na wakili. Kama hana uwezo, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake bure, na Chama cha Wanasheria cha Uganda kina mradi wake wa msaada wa sheria.

Ombi langu kwenu ni moja: kabla hamjaona ukurasa wa uamuzi, msiweke jina wala picha ya dereva kwenye makundi ya WhatsApp mkimwita muuaji. Mshtakiwa si mkosaji mpaka atiwe hatiani, majina ya watu hufanana, na nimeona familia yenye haki yote ikijikuta inajibu kesi ya kuchafua jina badala ya kufuatilia ya kwao. Baada ya nakala zilizothibitishwa kuwa mkononi mwenu, semeni kilichoandikwa humo, kama kilivyoandikwa.

Shemeji aende na kitambulisho chake cha taifa, cheti cha kifo, barua ya LC1 inayomtambulisha kuwa mjane wa marehemu, na barua ya maombi nakala mbili. Moja aiache masijala. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo nyumbani. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia muhuri huo.